Dawa ya Kikohozi kwa Asiyekohoa

Saa mbili asubuhi foleni ya duka la dawa ilikuwa imeshafika barazani. Chepngeno alikuwa ndani tayari, chupa tupu mkononi, jasho likimtiririka shingoni ingawa Julai ile ya 1974 Nakuru ilikuwa na baridi kali. Tangu atolewe kizazi pamoja na vifuko vya mayai, mwili wake uliwaka ghafla, mchana na usiku, na vidonge vya homoni ndivyo vilivyomtuliza. Sasa vilikuwa vimeisha. Juma zima hakuwa amelala, na kiwandani, alikoosha mikebe ya maziwa, alikuwa ameanza kuangusha vifuniko. Msimamizi alimwona. Tangu mafuta yapande bei, kiwanda kilikuwa kikitafuta sababu za kupunguza watu.

Vimla, mke wa Mhindi mwenye duka, alisoma kibandiko cha chupa, akauliza kwa sauti ileile aliyomuulizia kila mteja:

"Hii dawa ya homoni. Nani natumia, mama? Wewe?"

Kabla Chepngeno hajajibu, alisikia salamu ya heshima nyuma yake. Ni Kiprugut, mume wa binti yake, dereva wa lori la kiwanda hichohicho, aliyekuja kununua aspirini. Kwao mtu na mama mkwe wake hata mkono hawapeani, seuze kusikia habari za kizazi chake.

"Si yangu," akasema. "Mimi nataka ya kikohozi."

Vimla aliitazama shingo iliyolowa. Alimweleza polepole kwamba dawa ile huzima kikohozi tu, haiwezi kufanya kazi ya vidonge, na asiyekohoa hana haja nayo.

"Wewe nakohoa?"

Chepngeno akakohoa, vibaya. Mzee mmoja kwenye foleni alisema huyu mama anakohoa kama pikipiki iliyokataa kuwaka, watu wakacheka. Kiprugut hakucheka. Alilipa yeye, akaomba kijiko, akasihi mama ameze palepale kabla ya kurudi kwenye baridi. Akameza. Chupa tupu ya vidonge ilibaki kwenye kaunta.

Kiprugut alitangulia kazini na lori. Kwa nia njema alimwomba msimamizi, Masinde, ampe mama mkwe wake kazi nyepesi, kifua kinamsumbua.

Masinde alimkuta Chepngeno kwenye karo, ameshafunga aproni. Kanuni aliijua kila mtu: anayekohoa hagusi chombo cha maziwa mpaka apigwe picha ya kifua, na foleni ya picha hospitalini ilikuwa ya miezi, bila mshahara.

"Mama, niambie ukweli tu. Kama hukohoi, endelea na kazi yako. Lakini nasikia umekunywa dawa. Dawa ya nini?"

Kiprugut alikuwa hatua chache tu, akishusha mikebe. Sasa alikuwa ameiacha kazi, anasikiliza. Uso wa Chepngeno ukawaka.

"Ya kikohozi."

"Tangu lini?"

"Tangu juma lililopita."

Masinde akamtaka avue aproni na viatu vya mpira, vyote mali ya kiwanda. Alivivua palepale kwenye saruji yenye maji. Kiprugut akageuza uso, asimwone mama mkwe wake akiwa miguu mitupu.

Kabla ya saa sita, mwanamke mwingine, kutoka mtaa wa Free Area, alikuwa amevaa viatu vile na alikuwa akiosha mikebe.