Aoge Kwanza, Atibiwe Kwanza

Uvundo ulitangulia, ndipo mzee Clarrie Munt akaingia. Losaline Havea alikuwa mapokezi, mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi katika kituo cha ustawi wa jamii kwenye kitongoji cha Woodridge, na chai aliyokuwa nayo mdomoni ikawa haimezeki. Mzee alikuwa akilala ndani ya gari lake bovu nyuma ya uwanja wa raga. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umezongwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa shati, nacho kililowa majimaji ya manjano.

"Nisamehe kwa harufu, binti," alisema. "Hata mimi mwenyewe najionea kinyaa."

Msimamizi wa Losaline, Rhonda Pascoe, alimsikiliza mzee akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake, hakusogea hata hatua. Alimnyooshea kikaratasi chenye namba ya simu ya zahanati, akamtakia siku njema, kisha akaenda kufungua madirisha.

"Umeona?" alimwambia Losaline. "Sisi hatutibu, hatuoshi. Sisi ni daraja. Unamwelekeza mteja kwa wanaohusika, unaandika kwamba ameunganishwa, unamwita mwingine."

"Na akifika wasimpokee?"

"Hilo ni lao, mpenzi."

Nje, mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa barabara, jua la Januari likimchoma utosi, anakitazama kile kikaratasi. Simu hakuwa nayo. Losaline aliomba ruhusa ya kumsindikiza.

"Nenda," alisema Rhonda. "Ila si kwa gari la ofisi. Vile viti ni vya kitambaa."

Alimpakia kwenye gari la mama yake, akateremsha vioo vyote. Njiani alipumulia mdomoni, na aliona haya kwamba mzee alikuwa akimwona.

Kule zahanati, mwanamke wa mapokezi hakuuliza jina. Alitoa kopo la manukato chini ya meza, akapuliza pande zote za mzee, kama mtu anayeua mende.

"Hatuwezi kumfungua kidonda akiwa hivi alivyo," alimwambia Losaline, mzee akiwa palepale. "Wagonjwa wengine wanalalamika. Aoge kwanza."

Wakaenda kwenye gari la mabafu, linaloegeshwa uani mwa kanisa kwa ajili ya watu wasio na makazi. Kijana wa zamu aliuangalia mguu, akarudi nyuma.

"Mwenye kidonda wazi haingii, dada. Ndiyo sheria yetu. Atibiwe kwanza, kifungwe vizuri, ndipo aoge."

Mzee Clarrie akacheka, kicheko kikavu. "Ngoma hii nimeicheza tangu kabla ya Krismasi. Wale wanasema oga, hawa wanasema tibiwa. Mguu ndio hausubiri."

Hapo kinyaa cha Losaline kikahama. Hakikuwa tena kwenye ule mguu. Kila mahali alipopita mzee huyu, palikuwa na mtu aliyeandika kwamba amemuunganisha.

Alimwacha mzee kivulini, akarudi zahanati. Safari hii hakupita mapokezi. Alizunguka hadi mlango wa nyuma, wauguzi wanakokunywa chai, akamuuliza muuguzi wa vidonda. Akasimama mwanamke mfupi aitwaye Thuy.

"Mzee gani?" aliuliza Thuy. "Mimi sijaambiwa."

Losaline alipomaliza kueleza, Thuy aliweka kikombe chake mezani. Alibeba mkoba wake, akapanda gari.

Yule kijana wa mabafu, aliposikia muuguzi atakuwa humo humo ndani, alifungua mlango bila ubishi. Kumbe lilikuwa jambo la watu wawili kukutana. Thuy alivaa glavu, akalowesha kitambaa, akakibandua polepole. Chini yake funza weupe walikuwa wakifurukuta katikati ya vidole. Losaline alikimbilia nyuma ya gari, akatapika chai yote.

"Usiwachukie hawa," Thuy alisema Losaline aliporudi. "Wamekula nyama iliyooza. Wamemsaidia kuliko ofisi zetu zote."

Kutoka hapo mzee alipelekwa hospitali, wakamkata vidole vitatu. Mguu ukapona.

Baadaye vituo vyote vya eneo lile vilikutana kwa chai na keki za nazi. Rhonda alisimama, akakisimulia kisa cha mzee Clarrie kama mfano wa ushirikiano wao. Yule mwanamke wa mapokezi ya zahanati alipiga makofi, makombo yamemganda mdomoni. Losaline alirudisha keki yake sahanini.

"Wewe ulimpulizia dawa kama mende," alisema, bila kupaza sauti. "Na sisi tulimpa namba ya simu mtu asiye na simu."

Mtu mmoja aliendelea kukoroga chai iliyokwisha kukorogeka.

Walipotoka, Rhonda alimvuta kando. "Umetuaibisha mbele ya washirika. Kazi hii ni mahusiano, Losaline."

"Na yeye tuna uhusiano gani naye?"

"Nani?"

Losaline alimtazama, akaona kwamba kweli hajui anaulizwa nani. Kesho yake Rhonda alimhamishia chumba cha nyuma, kupanga nguo za msaada. Hakukaa huko; Thuy aliongea na chuo chake, naye Losaline akamalizia mafunzo zahanati, akipitia mlango wa nyuma ili asisalimiane na mtu wa mapokezi. Mzee Clarrie alipata chumba karibu na reli. Treni zinamnyima usingizi, anasema, lakini ana bafu lake mwenyewe, lenye mlango.