Kochi la Watu

Siku alipokuja dada wa takwimu, nyumba ya Fundi Makochi ilikuwa na makochi manane, na hakuna hata moja lililokuwa lake.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vya kupanga. Chumba cha nyuma alilala yeye, mkewe na mama yake mzazi, pazia likiwa katikati. Chumba cha mbele kilikuwa karakana mchana na sebule jioni. Humo ndimo alimovua makochi ya watu vitambaa vilivyochakaa, akafunga springi upya, akabadilisha sponji, akavalisha kitambaa kipya na kukipigilia kwa misumari midogo aliyoishika kwa midomo. Kochi likikamilika na mwenyewe hajaja kulichukua, familia ililikalia. Sharti lilikuwa moja: kwanza litandikwe shuka. Mashuka hayakuwa shida, maana mkewe alipiga pasi kwenye nyumba ya wageni, na yaliyochanika aliruhusiwa kuondoka nayo.

Majirani walikuwa na mchezo wao. Wakipita mlangoni jioni huuliza, "Fundi, leo umekalia la nani?"

"La meneja wa benki."

"Basi papasa chini ya mto, huenda kadondosha chochote!"

Kweli alikuwa akipapasa. Alishaokota vifungo, chanuo, kalamu, na mara moja pete ya dhahabu. Vyote alivirudisha. Alikuwa mtu wa kumcha Mungu, na hakupenda kulala na kitu cha mtu.

Mama yake figo zilikuwa zimekataa kazi. Kwa miaka miwili alipelekwa hospitali kila Jumatatu na Alhamisi kusafishwa damu kwa mashine. Bei ya kusafishwa mara moja ilikuwa laki moja na nusu. Kwa kadi ya msamaha, ambayo ofisi ya ustawi wa jamii huzipa kaya zenye kipato duni, walilipa elfu kumi tu. Mama huyo aliihifadhi kadi ndani ya soksi safi chini ya mto wake. Bila kusafishwa, maji hujaa miguuni kwanza, kisha hupanda kifuani, na hapo hawezi tena kulala chali. Hana budi kukaa wima usiku na mchana, akitafuta pumzi.

Asubuhi hiyo ilikuwa siku ya thelathini na moja ya nadhiri. Kikundi chao cha maombi kilikuwa kimekubaliana kwamba kwa siku arobaini hakuna atakayetamka upungufu kwa kinywa chake. Ukiulizwa habari, husemi mambo magumu, unasema umejaliwa. Chumvi ikiisha, haijaisha, iko njiani. Kiongozi wao, mama mmoja aliyeuza gesi ya kupikia, aliwaambia kila mtu aandike kwenye karatasi kipato anachokiomba na akitamke kila alfajiri kana kwamba kimeshafika. Fundi aliandika milioni moja na nusu kwa mwezi. Hata siku mwenye nyumba alipokuja kudai kodi, alimjibu, "Nimejaliwa, bwana, njoo Ijumaa," na mwenye nyumba akaondoka akijikuna kichwa.

Dada wa takwimu alibisha hodi kama saa nne. Alikuwa binti mwenye viatu vilivyojaa vumbi, kitambulisho kikining'inia shingoni na kishikwambi mkononi. Fundi hakuwa peke yake. Mkandarasi mmoja, bwana mnene mwenye majengo mawili mjini, alikuwa amesimama akichagua kitambaa cha kochi lake kubwa la watu watatu. Alikuwa ameshakataa aina nne.

"Samahani kwa usumbufu, baba," alisema binti. "Tunahuisha orodha ya kaya. Majibu yako ndiyo yatakayoonyesha nani aendelee kusaidiwa na nani hapana. Nirudi baadaye mkiwa peke yenu?"

"Uliza tu, mwanangu. Hapa hakuna siri."

Aliuliza mko wangapi, mnalala wapi, maji mnateka wapi. Alipofika kwenye samani, aliinua macho akatazama makochi manane, mengine uchi, mengine yamevishwa, moja limetandikwa shuka nyeupe.

"Seti za makochi… haya ni ya kwenu?"

Jibu lilikuwa neno moja. Lakini Mkandarasi alikuwa amesimama pale na kiatu chake kinachong'aa, akisikiliza, na Fundi alihisi neno "hapana" limemkaa kooni kama msumari.

"Kazi ya mikono yangu," alisema.

Binti akabonyeza kioo. "Na mapato ya nyumba nzima kwa mwezi, ukijumlisha ya mkeo pia?"

Ukweli ulikuwa laki tatu na nusu, mwezi ukiwa mzuri. Aliiona ile karatasi yake, iliyobandikwa nyuma ya mlango.

"Milioni moja na nusu."

Mkandarasi alipiga mluzi. "Kumbe! Fundi, halafu jana umenililia bei ya sponji!"

"Nimejaliwa, mzee."

"Swali la mwisho," binti alisema. "Mtu awe na mapato gani kwa mwezi ndipo ajione tajiri? Na wewe unajiweka wapi: fukara, maskini, wa kati au tajiri?"

"Mimi niulize mimi," Mkandarasi aliingilia akicheka. "Milioni kumi! Chini ya hapo mtu bado anahangaika. Mimi mwenyewe silali, nakwambia, madeni yananiamsha."

"Andika tajiri," Fundi alisema upesi. "Kwa jina la Mungu, andika tajiri."

Binti alimtazama kidogo. Kidole chake kilisimama juu ya kioo, kisha kikashuka. Akashukuru, akaenda mlango wa pili. Mkandarasi akachagua kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, cha bei ghali kuliko vyote, akasema atakuja kulichukua kochi akirudi safari, baada ya wiki tano au sita.

Nyuma ya pazia mama mtu alikohoa mara moja, akanyamaza.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumatatu, karani wa dirisha la malipo aliichukua kadi, akaingiza namba yake kwenye kompyuta, akairudisha chini ya kioo.

"Hii imefungwa. Kaya yenu iko kundi la nne."

"Kundi la nne ndilo lipi?" aliuliza mke wa Fundi. Siku hiyo aliomba ruhusa kazini ili amsindikize mkwewe.

"Wenye uwezo, mama. Leo ni laki moja na nusu."

Alilipa. Zilikuwa fedha za kodi ya nyumba. Jioni alipomwuliza mumewe, alimwuliza kwa sauti ya chini, akiwa bado anakunja mashuka, na Fundi akamweleza yote bila kuficha, hata kiatu cha Mkandarasi.

Mkewe aliliweka shuka chini.

"Milioni moja na nusu. Mimi nina malengelenge ya pasi mpaka kwenye kiwiko, halafu nakaa kwenye nyumba ya milioni moja na nusu. Sasa mbona hukuniita tuitumie?"

"Nilikuwa kwenye nadhiri."

"Ulikuwa kwenye aibu! Nadhiri uliifanya koti la kuifunika."

"Mwache, mwanangu," mama mkwe alisema kutoka nyuma ya pazia. "Mimi nilikuwa nasikia. Ningeweza kuita."

"Kwa nini hukuita, Mama?"

"Yule bwana alikuwa pale. Mwanangu anasema ni tajiri mbele ya tajiri, mimi nitokee nimwumbue? Halafu… ilikuwa tamu kidogo kuisikia. Nikajisemea, acha niwe mama wa tajiri mpaka mchana."

Mke wa Fundi aliliokota shuka, akaendelea kukunja.

Alhamisi ile walilipa kwa kuuza kabati na redio. Jumatatu iliyofuata alilipa Kiongozi wa kikundi, kwa fedha za mitungi mitatu ya gesi. Alikuja mwenyewe kuzileta, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu anayeketi msibani.

"Ndugu yangu, mimi nilisema tusikiri upungufu. Sikusema umwambie hivyo karani wa serikali!"

"Hukusema kuna tofauti, dada."

"Sikusema," alikubali. Machozi yakamtoka. Wakaomba pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu nadhiri ianze hakuna aliyemwelekeza Mungu kiasi.

Baada ya hapo hapakuwa na cha kuuza ila cherehani, na cherehani ndiyo iliyowalisha. Mama akasafishwa mara moja kwa wiki. Kisha wiki moja ikapita kavu. Miguu yake ikavimba mpaka ngozi ikang'aa. Usiku alishindwa kulala chali, akahamishiwa chumba cha mbele, kwenye kochi la Mkandarasi, kwa sababu lilikuwa na mgongo mrefu na mikono mipana ya kuegemea. Walilitandika shuka mbili.

"Nisije nikalichafua la watu," alisema.

"Hulichafui, Mama. Kaa."

Fundi alikwenda ofisi ya ustawi siku tatu mfululizo kabla foleni haijamfikisha dirishani. Nyuma yake walisimama watu zaidi ya thelathini, baadhi yao majirani. Karani, mwanamume mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisoma kwenye kompyuta yake.

"Makochi manane. Milioni moja na nusu. Tajiri. Sasa unakata rufaa ya nini, bosi? Unataka kundi la tano?"

Foleni ikacheka. Fundi alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Makochi ni ya wateja. Mimi ni fundi. Tunapata laki tatu na nusu, tukipata. Mimi ni maskini." Akasikia sauti yake imekuwa ndogo, akarudia kwa nguvu mpaka ikasikika mlangoni. "Mimi ni maskini, bwana! Mama yangu anakufa."

Kicheko kilikatika.

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Nilisema ninachokiomba."

Karani alivua miwani, akaifuta kwa shati. Sauti yake ilipungua ukali. "Hapa hatuandiki maombi, baba. Tunaandika mapato." Akampa fomu. "Jaza hii. Kamati inakaa mwisho wa robo ya mwaka. Siku hamsini na sita kutoka leo."

"Hana siku hamsini na sita."

"Naelewa. Dirisha langu halina siku nyingine."

Fomu ilikuwa na maswali yaleyale. Fundi aliijaza amesimama, akiiegemeza ukutani, ukweli mtupu mstari kwa mstari, mpaka akafika lile la mwisho: mtu awe na mapato gani kwa mwezi ndipo ajione tajiri? Akapiga hesabu pembeni. Mashine mara nane kwa mwezi, bila kadi, milioni moja na laki mbili. Ongeza kodi ya nyumba, ongeza chakula. Akakuta imefika milioni moja na nusu. Ni kiasi kilekile alichokitamka kila alfajiri, asijue kwamba utajiri wote aliouomba, hata ungekuja, ungetosha tu kumweka mama mmoja hai. Aliiandika namba hiyo, akakabidhi fomu, akaenda nyumbani kwa miguu.

Mlangoni alikuta gari dogo la mizigo. Mkandarasi alikuwa ndani ya gari akiongea na simu, na wapagazi wawili wamesimama chumba cha mbele, kofia mkononi, hawajui waguse wapi. Mama yake alikuwa amekaa wima katikati ya kochi, shingo imemtoka mishipa, akivuta pumzi fupifupi kama mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Wamekuja kuchukua," alisema alipomwona. "Nishushe, mwanangu. Nimewachelewesha."

"Watasubiri, Mama."

"Nishushe. La watu hilo."

Fundi alitoka. Alimweleza Mkandarasi kwa maneno machache, akaomba siku mbili tatu. Mkandarasi aliziba simu kwa kiganja.

"Fundi, nina wageni leo jioni, sebule yangu ni tupu. Si unayo mengine saba humo? Mkalishe kwenye lingine."

Mengine mawili yalikwishachukuliwa, na matano yaliyobaki yalikuwa mbao na springi tupu, kwa kuwa fedha ya sponji ilikwenda kwenye mashine. Fundi hakuyasema hayo. Alirudi ndani, akamshika mama yake chini ya makwapa, akamteremsha taratibu. Alikuwa mzito kwa maji na mwepesi kwa mifupa. Wapagazi waliinua kochi. Mmoja alizikunja zile shuka mbili vizuri, akaziweka juu ya cherehani bila kusema neno. Mkandarasi alimaliza malipo yaliyobaki, elfu arobaini, akaondoka.

Mama hakuweza kulala, na ukuta ulikuwa na unyevu. Basi Fundi alikaa sakafuni, akaegemea ukuta yeye, akatanua miguu na kumvuta mama yake mpaka mgongo wake ukatulia kifuani pake na kichwa begani. Mikono akaiweka pande mbili, ipate kumshika asianguke.

Mkewe aliporudi kutoka kazini aliwakuta hivyo. Alitazama pengo mahali lilipokuwa kochi, akatazama elfu arobaini juu ya cherehani. Akavua viatu, akakaa karibu nao, akaanza kumkanda mkwewe miguu.

Jirani mmoja alipita na mazoea yake, akachungulia. "Fundi, leo umekalia…" Akaona, akaenda zake.

"Mmalizie swali lake, mwanangu, niulize mimi," mama alisema baada ya muda. Alisubiri pumzi irudi. "Leo nimekalia la nani?"

"La kwako, Mama," Fundi alisema. "Hili hawaji kulichukua."

Alihisi mama yake akitikisika kidogo kifuani pake, akajua anacheka. Kisha akaendelea kuhesabu pumzi zake kwa kifua chake mwenyewe, moja, na inayofuata, huku akiomba kimoyomoyo inayofuata tu.