Aliyekula Chakula cha Mkunga

Mgodi ulipofungwa, nusu ya watu walifungasha virago wakaenda zao, lakini porojo waliziacha hapa hapa, na waliobaki wamezitafuna miaka yote hii bila kuzimaliza. Kwa hiyo mchoraji alipopewa kazi ya kupamba ukuta mrefu wa iliyokuwa kantini ya wachimbaji, achore maisha ya zamani, hakuhangaika kutafuta habari. Kazi ilikuwa kuwanyamazisha watu. Alitangaza kwamba anayekumbuka chochote aje amsimulie, akatarajia wazee watano. Walikuja arobaini, na baadhi yao walikuja na viti vyao kabisa.

Mama Maua alihudhuria siku zote sita. Hakuwa na mtoto aitwaye Maua; jina hilo alipachikwa kwa sababu ya madebe ya maua mekundu aliyoyapanga mbele ya nyumba yake tangu akiwa bi harusi. Alikalia kiti kilekile karibu na mlango wa jiko, mkoba mapajani, akacheka kila palipochekesha, na kila jioni akarudi nyumbani na lake moyoni. Alikuwa anasubiri mtu amtaje marehemu mumewe.

Na tusidanganyane, kumtaja mtu yule haikuwa rahisi. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye kidirisha cha chumba cha taa, akigawa taa za kuvaa kichwani kwa wanaoshuka mgodini na kuzipokea kwa wanaopanda. Kila mchimbaji alipita mbele yake mara mbili kwa siku. Lakini alikuwa mkimya, mkimya wa kupitiliza; ungeweza kukaa naye benchi moja asubuhi nzima ukadhani uko peke yako. Akikukabidhi taa alisema, "Irudishe mwenyewe," basi, biashara imekwisha. Watu walimwita Bwana Taa, na nadhani wengi walikuwa wakiikumbuka taa zaidi ya bwana.

Ukuta nao uliwapenda wenye makelele. Tayari alikuwepo golikipa aliyetoka zamu akaenda moja kwa moja uwanjani, akaegemea mlingoti wa goli na kusinzia, akafungwa mawili bila habari. Alikuwepo mpiga tarumbeta wa bendi ya kampuni, aliyefanya mazoezi chooni kwa sababu mkewe alimfukuza ndani. Walikuwepo akina mama wa foleni ya bomba, waliojua mambo ya mgodini kuliko meneja mwenyewe. Bwana Taa hakuwepo. Siku ya sita ilibaki nafasi moja tu, kando ya dirisha, na mchoraji alisema wazi kwamba hiyo ikijaa anaosha brashi zake.

"Basi hapo panajulikana," alisema mtu wa nyuma. "Hapo ni chakula cha Mkunga!"

Kantini nzima ikaitikia. Hata mimi ningeitikia, maana hakuna aliyekulia hapa asiyekijua kisa hicho. Nyumba za wafanyakazi zilijengwa kwa laini, moja nyuma ya nyingine, zote sawa kama sabuni za mche mmoja: ngazi tatu, mlango, dirisha kushoto. Awali kila mtu alipaka mlango wake rangi aipendayo. Kisha kampuni ikaleta mapipa ya rangi ya kijani, na kwa wiki moja milango yote ikawa ya kijani. Miezi ile watu walipotea kama kuku wageni. Mmoja alivua viatu kwa jirani, mwingine akamgombeza mtoto asiye wake. Na siku moja mchana, mtu asiyejulikana aliingia nyumbani kwa Mkunga, katika Laini ya Nne, akakuta chakula kimefunikwa mezani, akakaa, akala chote, akaosha sahani, akaondoka. Mkunga alirudi kutoka kuzalisha akakuta sahani inang'aa. Ni miaka arobaini na nne sasa, na aliyekula hajajulikana.

Yaani, hajajulikana kwa sababu wamejitokeza wengi mno.

"Andika jina langu hapo, kijana," alisema Winchi, akimpungia mchoraji fimbo yake. Huyu ndiye aliyeendesha mashine ya kuwateremsha watu mgodini na kuwapandisha, na mdomo wake haukujua breki kama mashine yake ilivyojua. "Ni mimi niliyekula. Nilikuwa na njaa ya kufa mtu. Nichore na kofia yangu, na kifua kiwe kipana kidogo."

"Kipana kidogo?" alidakia golikipa, aliyekuwa ameketi chini ya picha yake mwenyewe. "Si ataumaliza ukuta!"

Watu wakaangua kicheko. Mchoraji naye alikwishachovya brashi. Mama Maua aliukaza mkono kwenye mkoba wake. Katika chumba kile chenye watu arobaini, yeye peke yake alijua nani alikula chakula kile, na alikuwa ameapa kutosema.

"Subiri," ilisikika sauti kutoka mbele.

Alikuwa Mkunga mwenyewe. Mwili ulikuwa umemwishia, ametiwa kwenye kiti chenye mito miwili, lakini macho yalikuwa yaleyale yaliyowapokea watoto wa nusu ya waliokuwa mle ndani. "Winchi, mwanangu, wewe ni wa saba kuniambia ulikula chakula changu. Wote nimewauliza swali moja, na wewe nakuuliza. Kilikuwaje?"

"Chakula?" Winchi alijishika kifua. "Mama yangu we! Wali umenyooka, mchuzi mzito, maharage yanayeyuka mdomoni. Tangu siku hiyo sijala chakula kitamu kama kile. Mke wangu yupo hapa ananisikia, na bado nasema."

"Utakula kwako leo?" mkewe alimuuliza.

Mkunga alicheka mpaka mto mmoja ukaanguka. "Wote saba mmesema hivyohivyo. Kitamu, kitamu, kitamu! Sasa nisikilizeni. Siku ile natia chumvi kwenye maharage, mlango ukagongwa, fulani ameshikwa na uchungu, mbio. Nikapanga vitu vyangu, nikapita jikoni, nikatia chumvi tena. Nikajipakulia, nikafunika, nikaondoka bila kuonja. Niliporudi, sahani imeoshwa, lakini yale ya sufuriani yalibaki. Niliyaonja." Alitikisa kichwa. "Hata mbwa wa jirani aliyanusa akaniangalia kwa masikitiko. Aliyemaliza sahani ile hawezi kuniambia kilikuwa kitamu. Kwa hiyo, Winchi, kaa chini."

Winchi akakaa, na sifa zake. Kicheko kilichukua muda mrefu kutulia, na kilipotulia mchoraji alijikuna sikio.

"Sasa nimchore nani?"

"Mchore mtu amegeuza mgongo," alipendekeza mtu. "Mtu yeyote tu."

"Sawa. Mgongo tu, bila jina," alisema mchoraji, akaanza kuchora meza kwa chaki.

Mama Maua aliitazama chaki ikipiga mstari wa kwanza. Aliikumbuka siku ile kama ya jana. Yeye ndiye aliyemwambia mumewe, baada ya milango kuwa ya kijani, "Wewe unatembea umeinama, usihesabu laini. Ukiona debe la maua mekundu, umefika." Na yeye huyohuyo, siku chache baadaye, ndiye aliyemkatia Mkunga kipande cha ua lake, akampa na debe la kupandia. Asingeweza kumtega mumewe vizuri zaidi hata kama angekusudia.

Siku hiyo Bwana Taa alichelewa. Alipoingia, alimkuta mkewe ameandaa chakula, amekaa anamsubiri. Alikaa, akakitazama chakula, akamtazama mkewe, akala. Alikula polepole hadi punje ya mwisho. Kisha akalala kitandani ameshika tumbo, jasho linamtoka, na kila baada ya muda anaomba maji. Alimaliza jagi mbili. Mkewe akaingiwa na hofu.

"Mume wangu, hii si kawaida. Mganga wa kampuni leo hayupo. Namfuata Mkunga aje akutazame."

Mtu aliyekuwa hawezi hata kugeuka aliruka kitandani. "Usimwite! Mwite yeyote umtakaye, lakini si Mkunga!"

Ndipo alipoeleza yote, mkono tumboni, macho sakafuni. Mkewe alicheka mpaka akakaa chini. Bwana Taa hakucheka. "Naomba usimwambie mtu," alisema. "Watanicheka mpaka naingia kaburini." Naye akaapa. Akakaa na kiapo hicho miaka thelathini na minane ya ndoa, na sita ya ujane.

Sasa mchoraji alikuwa amefika kwenye mabega. Yalikuwa mabega ya mtu yeyote. Mama Maua akawaza, kaburini alikwishaingia, na hakuna aliyemcheka hata mara moja. Hakuna aliyemfanya lolote. Wazo hilo lilimuuma kuliko msiba wenyewe ulivyomuuma, na kabla hajajua anafanya nini, alikuwa amesimama.

"Alikunywa jagi mbili za maji," alisema.

Hakuzoea kusema mbele za watu, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Chaki ikasimama.

"Nani, mwanangu?" aliuliza Mkunga.

"Mume wangu. Ni yeye aliyekula, Mama. Tulikuwa Laini ya Tano, nyumba ya nyuma yako, debe langu na debe lako yamefanana. Alikuja akashtuka alipomaliza, alipoinua kichwa akaona ile mizani yako ya kupimia watoto. Akaosha sahani, akakimbia. Akafika nyumbani akala na changu, kwa sababu aliogopa kuniambia ameshiba." Alivuta pumzi. "Aliniomba nisiseme. Nimesema. Atanisamehe."

Kwanza wote walimgeukia, na Mama Maua akadhani ameharibu. Kisha mke wa Winchi akapiga kofi paja lake. "Alikula mara mbili!" Na kantini ikalipuka. Watu walishikana mabega. Mpiga tarumbeta alilia machozi. Winchi, ambaye kwa haki alipaswa kununa, alicheka kuliko wote.

Mkunga peke yake hakuwa anacheka. Alikuwa amejiinua kidogo kwenye kiti, anamtazama Mama Maua. "Nieleze kitu kimoja tu, kimenisumbua miaka arobaini na nne. Chumvi ile, mwanangu, ilikuwa haimezeki. Mtu ameonja kijiko cha kwanza. Mbona alimaliza?"

Mama Maua alilijua jibu hilo vizuri. Alikuwa amelitunza ndani kwa ndani miaka yote, na ndilo lililomfanya, usiku wa msiba, alie kwa namna ambayo wafariji hawakuielewa.

"Alidhani nimepika mimi," alisema.

Safari hii hawakulipuka. Akina mama wawili watatu wakasema "aah" kwa pamoja, na mke wa Winchi akamgeukia mumewe akamtazama kwa muda ambao Winchi hakuupenda. Mkunga alinyoosha mkono, Mama Maua akaenda akaushika, na bibi yule akaubana kwa nguvu ambazo hukutegemea bado anazo.

"Mgeuze huyo mtu," Mkunga alimwambia mchoraji. "Tunataka uso. Na meza uiwekee jagi mbili."

Mchoraji akafuta mabega. "Alifananaje?"

"Bwana Taa?" alisema golikipa. "Namjua vizuri sana. Irudishe mwenyewe!" Alisema kwa sauti ileile ya chini, kavu, na chumba kizima kikaitikia, "Irudishe mwenyewe!" Wanaume waliokwishazeeka wakaanza kuigizana, mmoja kidirishani, mwingine anapokea taa. Ikaonekana kwamba kila mmoja aliyewahi kushuka alikuwa nayo kauli ile mdomoni, ameibeba miaka yote bila kujua ameibeba.

"Siku niliyokuwa mgonjwa alinikatalia taa," alisema mmoja. "Aliniangalia tu, akasema rudi nyumbani. Sikumwambia kama naumwa!"

"Alikuwa mrefu," alisema mwingine.

"Mrefu wapi? Alikuwa wa kadiri, ni kile kidirisha kilikuwa juu."

"Na masharubu. Masharubu makubwa."

"Masharubu hakuwa nayo, wewe unamchanganya na mtunza ghala."

"Bwana, nimepokea taa kwake miaka kumi na moja, utanifundisha masharubu yake?"

"Mama Maua yupo hapa, mwulizeni," alisema mchoraji, chaki mkononi. Lakini hakuna aliyemsikia. Winchi alikuwa amesimama, fimbo juu, anaapa kwamba masharubu yalikuwepo na aliyaona kwa macho yake. Golikipa alikuwa anamwambia macho yake ndiyo yaliyoona chakula kitamu cha Mkunga. Nusu ya kantini ilikuwa upande huu na nusu upande ule.

Mama Maua alirudi kwenye kiti chake karibu na mlango wa jiko, akaweka mkoba mapajani. Mumewe hakuwahi kufuga masharubu hata siku moja. Neno moja tu lingetosha kuumaliza ugomvi ule, lakini alifunga mdomo, akaegemea ukuta, akawaacha waendelee kubishana juu yake mpaka saa ya kufunga kantini.