Balbu ya Koridoni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama mbele ya kaunta ya Festo, nanunua balbu ya koridoni.

Jambo hilo lilikuwa limetokea kweli mchana wake, ingawa kwa sehemu. Balbu ya koridoni kwetu imeungua tangu masika, na mke wangu, Apolonia, hupapasa ukuta kila atokapo jikoni. Nilikwenda kwa Festo, muuza vifaa vya umeme wa mtaani kwetu hapa Morogoro. Akanionyesha balbu ya kisasa ambayo, kwa maelezo yake, haihitaji swichi. Inasikia. Ukiiambia iwake, inawaka. Nilimjibu kwamba nyumbani kwangu vimo vitu vingi vinavyosikia na visivyotenda, wala sioni haja ya kuongeza kingine. Niliondoka bila kuigusa.

Nilipomsimulia Apolonia, alicheka hadi akaketi sakafuni. Mimi sikucheka. Kwa kawaida yeye hucheka kwa niaba yetu sote wawili.

Katika ndoto, basi, nimerudi. Duka ni lilelile, ila rafu zimepanda juu hadi sioni dari, na kutoka huko juu unasikika mlio mwembamba, kama wa kitu kilichoachwa kwenye chaji kwa muda mrefu mno.

"Shikamoo, mzee Mkude," anasema Festo. "Umeirudia?"

"Marahaba. Sijairudia. Nimekuja kuijaribu."

Hapa pana desturi ambayo msomaji anaifahamu. Katika maduka yetu kifaa cha umeme hakitoki kabla ya kujaribiwa. Juu ya kaunta hukaa ubao wenye holda na soketi. Balbu hukazwa pale, ikawaka mbele ya macho ya mnunuzi, ndipo ikarudishwa kwenye boksi lake. Mimi huifikisha desturi hiyo mbali kuliko wengi. Nimewahi kufungua mwavuli ndani ya duka la dawa. Nimewasha njiti ya kiberiti kabla ya kukinunua, kisha nikawasha ya kiberiti cha pili ili nilinganishe. Sokoni wananiita Bwana Jaribu, na sioni kwamba ni tusi.

Ukutani, nyuma ya Festo, pana maandishi mekundu. Mstari wa juu unasema: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Naujua. Umo katika kila duka nchini. Chini yake upo mstari mwingine ambao rangi yake bado inachuruzika, na kwa kuwa wa juu nilikuwa naujua, sikuusoma wa chini. Mimi, ambaye husoma hata maelekezo ya kutumia kijiti cha meno, sikuusoma.

"Usinibane shingo," inasema balbu ninapoishika.

"Wewe ndiye unayesikia?"

"Nasikia. Kuelewa kutakuja na toleo lijalo."

"Wewe ni orijino?"

"Na wewe, mzee, ni orijino?"

Naliona ni swali la haki.

"Huyo achaneni naye," inasema pasi kutoka kwenye rafu. "Hanunui. Mwaka jana alinyoosha leso yake kwa kunitumia mimi, akaikunja, akaitia mfukoni, akanirudisha hapa nikiwa bado nafuka."

Festo ameikaza balbu kwenye holda. Haiwaki. Namtazama kwa namna ambayo huwatazama wauzaji wote wakati huo.

"Inataka sauti," anasema.

Naielekeza kauli kwa balbu, wazi na bila chumvi: "Waka."

"Siyo yako, mzee. Inataka ya mtu wa nyumbani, itakakoishi. Mpigie mama."

Nampigia Apolonia. Festo anaichukua simu taratibu, anailaza kwenye ubao, anaigusisha na nyaya mbili zilizo uchi.

"Haloo? Mkude? Umefika kwa Festo? Muulize mkewe kama ameshajifungua, jana tulimwona miguu imemvimba. Na upitie nyanya. Lakini usizibonyezebonyeze! Yule mama ameapa, ukizibonyeza tena, nyanya zote uta—"

Balbu inawaka. Mwanga wake una rangi ya chai ya maziwa.

"—zibeba," inamalizia balbu, kwa sauti ya mke wangu.

Natwaa simu. Haijakatika. Nasikia jikoni kwangu: bomba linatiririka, kifuniko cha sufuria kinatetemeka, mtu anavuta pumzi. Nasema, "Apolonia." Pumzi inakuja karibu. Haisemi kitu.

"Inafanya kazi," anasema Festo. "Nikufungie?"

"Nimeridhika nayo. Sasa irudishe sauti."

"Kwani hujasoma?"

Anausogelea ukuta, anapitisha mkono chini ya mstari wa pili, kama mwalimu. Sasa nausoma. IKISHAJARIBIWA IMEUZWA.

"Wapo wengi walioichukua wiki hii," anasema, bila ubaya wowote. "Walibeba boksi wakaenda zao. Hakuna aliyepungukiwa na kitu. Wewe ndiye uliyetaka kujaribu."

Navuka kizingiti cha duka ili nitafute hewa, na ninapokanyaga nje nakanyaga zulia la sebuleni kwangu.

Apolonia amesimama katikati ya chumba. Mdomo wake unakwenda. Nafahamu anachokisema kwa jinsi anavyoshika kiuno: ananilaumu kwa utaratibu, anaanza na nyanya, anarudi nyuma hadi mambo ya zamani. Nimeishi na lawama hizo miaka yote ya ndoa, na sikuwahi kufikiri kwamba zina mlio ambao nyumba inausikiliza.

"Hodi humu!"

Ni jirani yetu, Mama Kokwe, yuko nje ya mlango. Apolonia anageuka, anamkaribisha kwa furaha, mikono imefunguka. Hakitoki kitu.

"Hodi! Apolonia we! Umelala mchana wote huu, au mzee kakufungia na vitabu vyake?"

Nataka kuitikia mimi. Nafungua kinywa, nagundua kwamba katika nyumba hii sijawahi kumkaribisha mgeni. Sijui neno linaanzia wapi.

"Hawapo hawa," anasema Mama Kokwe, na nyayo zake zinaondoka.

Nyumba imemsikia, na imemwamini. Mapazia yanaanza kupauka. Vumbi linashuka juu ya viti, kwa upole, kama linavyoshuka katika nyumba ambayo watu wake wamehama. Linashuka juu ya mabega ya Apolonia. Anajipangusa, anaendelea kunilaumu. Linashuka tena, na safari hii mkono wake unapopangusa, nauona ukuta kupitia kiganja chake.

Nakwenda kwenye friji kumtafutia maji. Nikifungua mlango, ndani hamna maji. Mna ngazi, na juu ya ngazi kibao: HUDUMA KWA WATEJA.

Napanda. Ni ukumbi mrefu, wenye baridi ileile ya friji. Watu wameketi kwenye mabenchi, kila mmoja amepakata kitu kilichoharibika: feni, blenda, televisheni iliyopasuka. Ukutani imeandikwa TAFADHALI SUBIRI, na wametii. Mzee mmoja ametii hadi magoti yake yamekuwa mbao za benchi.

Mlangoni wamekaa mabwana wawili wenye suti zinazofanana.

"Mimi ni Vigezo," anasema wa kulia.

"Na mimi Masharti," anasema wa kushoto. "Tuzingatie."

Nawazingatia. Nawatazama mmoja baada ya mwingine, kwa makini ninayoyatumia kusoma karatasi za dawa, hadi Masharti anaona haya, anainamisha macho, ananipisha.

Nyuma ya dawati yupo Festo yuleyule, ila sasa mkono wake una vitufe, kuanzia kiwiko hadi kwenye kifundo. Balbu iko mbele yake, inawaka.

"Kwa Kiswahili, bonyeza moja."

Nabonyeza. Ngozi yake ni ya joto.

"Kwa malalamiko, bonyeza tatu."

Nabonyeza. Festo analia machozi kidogo, kwa adabu, kisha anajifuta.

"Malalamiko yako yamepokelewa. Asante kwa kutuchagua."

"Nataka sauti ya mke wangu."

"Hairudishwi, mzee."

"Nimesoma. Nauliza kama hubadilishwa."

Mabenchi yote yananigeukia, hata feni. Naona kwamba katika ukumbi ule hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Festo anatazamana na wale mabwana wawili. Vigezo anaitikia kwa kichwa, bila kupenda.

"Hubadilishwa," anasema Festo, "kwa kitu chenye thamani ileile, kisichotumika, kikiwa bado kwenye nailoni yake."

Anachukua mashine ya kusomea bei, ile yenye mwanga mwekundu, anaipitisha juu yangu. Machoni haitoi mlio. "Yametumika." Masikioni. "Haya yametumika upande mmoja tu." Anaipitisha kwenye paji la uso. "Hapa pana shaka. Imetumika hadi imelika, mzee, hii hata kwa spea hatuichukui." Anashuka kifuani, na mashine inalia.

"Kicheko," anasema Festo, na sauti yake imebadilika kidogo. "Hakijafunguliwa."

Namwambia pana makosa, nimewahi kucheka.

"Lini?"

Nafikiri. Mashine inaningoja. Nakumbuka siku kadhaa ambazo ingefaa.

"Mkude," inasema balbu.

Ni yeye. Si mashine inayomwiga. Hiyo ningeitambua, nimezipinga za kutosha.

"Usimpe hicho. Hicho nakingoja mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu kwenye harusi yetu, yule mjomba wako alipokalia keki. Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko, wewe ukauliza kama keki ina risiti. Nikasema, huyu anakitunza. Ipo siku."

"Na sauti yako, Apolonia?"

"Nitapiga makofi. Mtu akibisha hodi nitapiga makofi."

Nageuka. Kupitia mlango wa friji, chini ya ngazi, naiona sebule. Vumbi limefika kwenye mikono ya viti. Yeye bado amesimama, amebaki kama doa la maji juu ya kanga, na bado ananilaumu.

Nawaambia nakubali. Wananiletea masharti, nayasoma yote, na hayo yako sahihi, hayana hila. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote.

Festo anaingiza vidole viwili chini ya mbavu zangu, bila kuniumiza, anatoa kitu kilichofungwa kwenye nailoni yenye vipovu. Ni kidogo kuliko nilivyodhani. Anaipasua nailoni, anakikaza kwenye holda.

"Mnafanya nini?"

"Tunakijaribu," anasema. "Hatupokei kitu hapa bila kukijaribu. Si ndivyo ulivyotuzoesha?"

Anagusisha nyaya.

Kilikuwa kicheko kizito, chenye mkwaruzo kidogo, na mwishoni kilikwama mahali fulani, kama mtu aliyefikiria ngazi zimekwisha kumbe imebaki moja, kikaanza upya. Waliokuwa kwenye mabenchi waliinua vichwa. Yule mzee aling'oa goti moja kutoka kwenye ubao ili asikie vizuri. Masharti alimpiga Vigezo kwa kiwiko. Kilikuwa kicheko kizuri. Nasema hivyo kama mteja, bila upendeleo.

"Kinafanya kazi," alisema Festo, akazima.

Niliamka. Kulikuwa kumekucha, na Apolonia alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anajifunga kilemba, anazungumza. Sijui alikuwa ameanza saa ngapi. Sikumkatiza. Niliisikiliza sauti yake jinsi mtu anavyosikiliza mvua juu ya bati baada ya kiangazi, bila kujali inasema nini.

"Mkude, unanisikia? Nakuambia dada yangu kapiga simu. Mumewe kanunua ile televisheni ya kuongeleshwa. Jana usiku kasali rozari kwa sauti. Alipofika 'utuombee sisi wakosefu', televisheni ikamjibu: 'Samahani, sijapata matokeo.' Shemeji kapiga magoti mbele yake hadi asubuhi, anaomba msamaha, anadhani kahukumiwa!"

Nilielewa kwamba hili linachekesha. Nililiona lote, toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anavyoliona tunda nyuma ya kioo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitaka kucheka, na nilishuka hadi mahali ambapo jambo hilo hufanyiwa, chini ya mbavu, nikakuta pamefagiliwa.

Apolonia alikuwa ananitazama mdomoni. Sikuwahi kugundua kwamba hutazama hapo. Alingoja kidogo, kama alivyozoea kungoja, kisha akaanza kucheka mwenyewe, kwa niaba yetu sote wawili.

Ndipo koridoni, ambako swichi ilikuwa imezimwa, ile balbu iliyoungua iliwaka ikazimika, ikawaka ikazimika, kama mabega ya mtu anayecheka bila sauti. Karibu na mwisho ilikwama kidogo, ikaanza upya.

Apolonia aligeuka. Aliitazama hadi ikatulia.

"Kumbe uliinunua ile balbu ya Festo?"

"Hapana," nilimjibu. "Niliijaribu tu."