Bwana Wistasse na Ndege wa Nadhiri

Bi Mahaut alimwona mumewe akiinuka kwenye benchi, akajua kuna balaa. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa ilikuwa imemfundisha kuusoma mgongo wa Bwana Wistasse kama wakulima wanavyosoma mawingu. Ukinyooka ghafla namna ile, basi kuna jambo la kishujaa linamwasha ulimini.

Lawama zote zilikuwa za msimulizi. Huyu Thiébaut, mtu mwembamba mwenye sauti nene, alikuwa amealikwa kwenye ukumbi wa Bwana Renier, mkubwa wa Vaucourt, kwa karamu ya Mtakatifu Martin. Akasimulia kile kisa cha zamani cha shujaa wa farasi aliyelinda daraja mwaka mzima na siku moja kwa ajili ya bibi aliyempenda, asimwache mtu avuke mpaka apigane naye au akiri kwamba bibi huyo ndiye mzuri kuliko wote duniani. Alisimulia vizuri, hilo Bi Mahaut hakulikana. Wanaume waliacha hata kutafuna.

Kabla machozi hayajawakauka, wapishi wakamwingiza ndege wa nadhiri: tausi wa kuchoma aliyevikwa tena ngozi na manyoya yake, mkia umetandazwa, mdomo umepakwa rangi ya dhahabu. Mashujaa walimwendea mmoja mmoja, wakaweka mkono juu yake na kuapa watakayoyatenda. Bwana Wistasse alikuwa na miaka hamsini na minane, goti bovu, na kifua kinacholia kama mlango wa ghala kila baridi inapoingia. Aliweka mkono, akaapa kwamba atalilinda daraja la kinu cha maji mwaka mzima na siku moja, jicho moja limefungwa kitambaa, na hatalala kitandani.

Ukumbi mzima ukampigia makofi. Bi Mahaut aliangalia sahani yake. Majira ya baridi yaliyopita mumewe alilala kitandani, mablanketi mawili na paka juu yake, na bado padri alikuja kumpaka mafuta ya wanaokufa. Mwaka huu, jalidi ya kwanza ikimkuta darajani, padri hatawahi kufika.

Asubuhi yake Bwana Wistasse alivaa deraya yake ya chuma, ambayo kwa sasa ilifungika upande mmoja tu, akajifunga kitambaa jichoni na kwenda darajani. Jicho alilolifunga ndilo lililokuwa zima; la pili lilikuwa bovu, halioni sawasawa. Kwa hiyo mtu wa kwanza kusimamishwa alikuwa punda wa mwenye kinu, aliyeamriwa ataje jina lake na ukoo wake. Punda alipita bila kujibu.

Walifuata wanawake wenye magunia ya nafaka. Hao walikuwa hawana muda wa kupigana, wakakiri haraka kwamba Bi Mahaut ni mzuri kuliko wote, haya sogea baba, gunia zito. Ermesent tu, mjane wa fundi mapipa, ndiye aliyeweka gunia chini akashika kiuno.

"Mimi siwezi kukiri nisichokiona," alisema. "Mwite mwenyewe aje tumkague. Tangu mavuno sijamtazama vizuri, huenda ameharibika."

Siku tatu Bi Mahaut hakuweza kwenda kisimani bila kuzungukwa na kukaguliwa meno. Alicheka nao, maana hata yeye aliona ni kichekesho. Siku ya nne alipompelekea mumewe mkate alimkuta amekaa juu ya jiwe, midomo ya buluu, anakohoa kikohozi kile kile cha mwaka jana. Hapo kicheko kikaisha.

Alianzia kwa Padri Omer. Padri alimkaribisha vizuri, akamweleza kwamba visa vya mashujaa watu huvielewa vibaya. Daraja ni roho ya mtu, mto ni anasa za dunia, na yule bibi mzuri ni Kanisa. Bi Mahaut aliuliza kama basi mumewe anaweza kuilinda roho yake akiwa karibu na moto. Padri alifikiri, akasema hapana. Maana ya kisa ni ya kiroho, lakini nadhiri ni nadhiri, na wa kuifungua ni askofu, naye askofu yuko safarini mpaka Pasaka.

Akamwendea Thiébaut, aliyekuwa bado jikoni kwa Bwana Renier, anamalizia mabaki ya karamu. Alimtaka amwambie kisa kile kinafundisha nini hasa. Thiébaut alisema maana huja vizuri zaidi mtu akiwa na mchuzi. Alipopewa mchuzi wa njegere alikiri kwamba kwa mwalimu wake halikuwa daraja, lilikuwa kisima. Daraja aliliweka yeye, kwa sababu Vaucourt wana daraja na watu hupenda kusikia vitu vya kwao.

"Kwa hiyo mume wangu anakufa kwa sababu hatuna kisima cha maana," alisema Bi Mahaut.

"Mnacho, Bibi, ila nilipokuja nilipita darajani."

Bi Mahaut alikuwa anatoka, amejifunika shali mpaka puani kuficha hasira, pale mpishi mkuu alipomvuta mkono na kumwingiza kwenye stoo ya unga. Perrote alikuwa mwanamke mpana asiyeogopa sufuria wala bwana, lakini siku ile aliufunga mlango kwanza. Alinong'ona kwamba hajalala tangu asikie kile kikohozi. Tausi wa Bwana Renier aliliwa na mbweha miaka minane iliyopita. Ngozi na manyoya tu ndiyo yaliyosalia. Yamehifadhiwa sandukuni na majani ya kufukuza nondo, na kila karamu huvishwa bata bukini wawili walioshonwa pamoja.

Bi Mahaut alikaa juu ya gunia.

"Miaka minane? Na Bwana Hues aliyeapa juu yake, akaenda Yerusalemu akarudi bila sikio?"

"Bata, Bibi. Yule alikuwa bata mnono kweli."

Perrote alimwomba asimtaje. Likijulikana, Bwana Renier ataaibika mbele ya ngome zote za jirani, na yeye atafukuzwa pamoja na mwiko wake. Bi Mahaut aliahidi, akabeba bakuli la supu, akashuka mtoni karibu anakimbia. Mume aliyeapa juu ya bata hana nadhiri yoyote. Ilibaki kumwambia tu.

Alimwambia. Bwana Wistasse alikunywa supu hadi nusu, akajifuta masharubu.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Ni bata. Nimekula bata kila sikukuu ya Mtakatifu Martin tangu nilipoota meno, mke wangu, nitashindwaje kumjua? Wote tunajua. Ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kumwambia Renier." Akakohoa mpaka supu ikamwagika. "Lakini maneno yalikuwa yangu, na mkono ulikuwa wangu. Nikisema sasa ndege hakuwa yule, nitakuwa mtu wa namna gani?"

Bi Mahaut alitaka kumpiga na bakuli, na wakati huo huo alitaka kumfunika na shali yake. Alifanya la pili. Kisha akakaa kando yake kwenye jiwe. Chini yao bata bukini wa mwenye kinu walikuwa wakitoka majini. Jua lilikuwa limeinama, nao walipanda ukingo kwa mstari, wakinung'unika, wanaelekea bandani kwao kwenye majani makavu. Hakuna aliyewaswaga. Kesho asubuhi wangerudi majini wenyewe. Aliwatazama mpaka wa mwisho alipoingia.

"Wistasse," alisema, "wewe uliapa juu ya ndege gani?"

"Tumeshalisema hilo."

"Basi mtu huitimiza nadhiri kwa kadiri ya aliyemshuhudia. Huyo shahidi wako mchana hulinda maji, na kumpigia kelele kila apitaye. Jioni hurudi nyumbani. Halali kitandani, hulala kwenye majani makavu. Nitakutandikia mbele ya moto."

Bwana Wistasse aliligeuza neno hilo kwa muda mrefu, akitafuta ubaya wake. Kisa hakikusema shujaa alilala wapi. Goti lake lilikuwa limeshakubali.

Siku mbili baadaye Bwana Renier alifika darajani na mashujaa wanne, akiwemo Bwana Hues. Alikuwa amesikia kwamba mlinzi hurudi nyumbani jua likitua, naye akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kinuni kwamba nadhiri ya tausi haichezewi hivyo. Wanawake waliweka magunia chini. Bwana Wistasse aligeuka mwekundu, mkono ukaenda kwenye upanga, na Bi Mahaut akaona kwamba neno moja zaidi litamrudisha mumewe kwenye lile jiwe, safari hii mpaka kufa. Akasogea mbele, akainama kwa heshima.

"Bwana mkubwa, mume wangu anaishi kwa tabia za ndege yule yule aliyemwekea mkono. Nanyi mabwana mlimwekea mkono pia. Mlimla pia. Kama kuna mmoja anayeona nimekosea tabia za ndege huyo, na aseme hapa."

Farasi mmoja alitikisa hatamu. Mashujaa walitazama mto, walitazama anga, mmoja akagundua kwamba kiatu chake kina matope. Bwana Renier alikuwa mwekundu kuliko Wistasse. Ndipo Bwana Hues, aliyetembea hadi Yerusalemu, akauliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu:

"Na aliyekwenda mbali, Bibi? Yeye alitimiza nini?"

Bi Mahaut hakuwa amelifikiria hilo. Alimtazama mahali palipokuwa na sikio, akamhurumia.

"Ndugu wa mwituni wa ndege huyo, Bwana Hues, kila baridi ikianza huvuka nchi na nchi kwenda kusini, na kurudi. Hakuna ndege hodari kama hao. Tausi hawezi hata kuruka ua."

Bwana Hues alivuta pumzi, akakaa wima kwenye tandiko. Bwana Renier alikohoa, akatangaza kwamba Bi Mahaut amekifafanua kisa sawasawa, na kwamba ndege wa nadhiri hulala nyumbani. Kisha akataka kuvuka.

"Kwanza ukiri," alisema Bwana Wistasse.

Mkubwa wa Vaucourt alikiri, na mashujaa wake wanne baada yake, kwamba Bi Mahaut ni mzuri kuliko wote duniani. Ermesent aliyasikiliza maungamo yote matano, akalibeba gunia lake.

"Haya, na mimi nakiri," alisema. "Leo nimemwona."

Jioni jalidi ya kwanza ilianguka. Bwana Wistasse alikuwa mbele ya moto juu ya majani makavu, paka kifuani, Bi Mahaut akimkanda mgongo kwa mafuta ya bata. Alipomaliza alikifungua kile kitambaa, akakihamishia kwenye jicho bovu.

"Hiyo nayo ni tabia ya ndege?" aliuliza mumewe.

"Hiyo ni ya punda," alisema Bi Mahaut. "Ameomba kesho umtambue."