Mlango wa Dharura

Jina la chumba cha sindano lilikuwa dogo kama nzi aliyekufa juu ya karatasi. Raoudha aliishika ile ramani ya zahanati, bado ina joto la mashine, akajua asubuhi yote imekwenda. Jengo zima likipunguzwa lienee karatasini, na maneno nayo hupungua. Miaka kumi na mmoja katika ofisi ya kuchora ramani ya Bwana Lamjed, Si Lamjed kama wanavyomwita hapa Sfax, alikuwa akiyakuza moja baada ya jingine, na hakuna aliyemfikia kwa subira.

"Kwani dada unayashika moja moja?" aliuliza Ons, mchoraji mwenye wiki tatu tu kazini. "Niachie kidogo. Nitayaamuru yafuate kipimo cha karatasi."

Chai ya Raoudha ilikuwa haijapoa, majina yote yakasomeka. Si Lamjed alipiga meza kwa furaha.

"Mungu akubariki mikono, binti yangu! Raoudha, umeona? Kumbe miaka yote ulikuwa unatwanga maji!"

Raoudha alicheka pamoja nao, lakini roho ilimuuma. Alimwonea wivu yule msichana kwa kila kitu: wepesi wake, makrudhi, vile vileja vya tende alivyowaletea kila Jumatatu, hata ile adabu yake isiyompa mtu nafasi ya kumchukia kwa haki.

Pale ofisini karatasi haiendi manispaa bila herufi za mwanzo za majina ya watu wawili pembeni, za aliyechora na za aliyekagua. Ons alitia zake, akamsogezea Raoudha. Hapo ndipo Raoudha alipoliona neno moja lililokataa amri: "Mlango wa dharura", dogo kama punje ya ufuta. Alilijua neno hilo. Mwezi uliopita, katika haraka zake, yeye mwenyewe alilivunjavunja kompyutani likawa mistari mitupu, si maandishi tena.

Kamati ya vibali hukaa mara moja kwa mwezi. Raoudha alilijua hilo pia. Alichukua kalamu, akaandika herufi zake, R.M., kwa mwandiko ule aliosifiwa tangu chuoni.

"Safi," alisema.

Ramani ilirudi siku ya nane, imezungushiwa duara jekundu. Mlango wa dharura hauonekani; subirini kikao kijacho.

"Mwezi mzima!" Si Lamjed alifoka. "Daktari amekwisha kuwaahidi watu siku ya kufungua. Nimwambie nini? Nani alifanya hivi?"

"Mimi, Si Lamjed," alisema Ons. "Lilinipita. Nisamehe."

Raoudha alingoja raha aliyoitarajia. Haikuja. Si Lamjed aliinamia karatasi, kidole chake kikatoka kwenye duara, kikashuka taratibu hadi pembeni, kikatulia juu ya R.M. Herufi zile zilikuwa nzuri, zinasomeka hata kutoka mlangoni. Aliikunja ramani, akaingia chumbani kwake.

Ons alivuta kiti karibu na Raoudha, akaanza kuliandika upya lile neno kwenye kompyuta, akanong'ona, "Usijitie simanzi, dada. Siku ile ulikuwa na kazi nyingi, ndiyo maana nawe hukuliona."

Hata hili, Raoudha aliwaza, hata kwa huruma amenizidi. Alitamani atukanwe.

"Nililiona, Ons," alisema.

Ons aliendelea kuitazama kompyuta. Mkono wake tu ndio uliosimama.