Mchumba Anayelamba Mawe

Mama Sabuni alilipokea jiwe kwa mikono miwili, akalisifu, akaliweka shavuni. Lilikuwa la baridi, jeupe-jeupe, laini, na mkwe mtarajiwa alikuwa amelifunga kwa kitambaa kizuri. Zawadi ya heshima hiyo! Akalipanga kabatini katikati ya glasi zake za wageni, akarudi kuketi, roho kwatu.

Na msidhani huyu ni mwanamke wa kuridhika ovyo. Alikuwa mkuu wa chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka yenye kila uchafu unaotoka kwa binadamu yalipita mikononi mwake yakatoka meupe pe. Jina la Mama Sabuni alipewa na manesi, naye akalivaa kama cheo. Mumewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, akabaki na binti mmoja tu, mboni ya jicho lake, fundi wa meno ya bandia. Leo binti huyo kaleta mchumba, na alikwisha kusema wazi kwamba haolewi bila radhi ya mama. Mama akikataa, basi, posa imekufa.

Kijana alianza vizuri, haki yake apewe. Kucha zilikuwa safi. Mama Sabuni alizikagua kabla hata ya kuitikia shikamoo yake. Kazi yake ni kuchimba mifupa ya wanyama waliotoweka duniani zama za kale, ndiyo maana wakamwita Mchimbaji. Binti alimfahamu siku kijana alipopeleka kazini kwao taya la mnyama, litolewe nakala ya plasta. Haya, kazi ni kazi.

Balaa alilianzisha mjomba, kaka yake Mama Sabuni, mwenye bucha, tumbo mbele, mdomo hauna breki.

"Mkwe, hilo jiwe ni madini gani? Tusije tukavamiwa na wezi."

"Si madini, mjomba," Mchimbaji akajibu kwa fahari. "Ni kinyesi. Cha fisi wa kale. Ndicho kitu cha kwanza nilichochimbua maishani, sikuwa na chenye thamani kuliko hicho cha kumletea mama."

Mama Sabuni akajishika shavu. Lile lile.

"Kinyesi," akasema.

"Kimekuwa jiwe, mama. Kina miaka mingi mno. Hakina uchafu tena."

"Ebo! Kinyesi hakizeeki, mwanangu!"

Akaenda bafuni akalisugua shavu mpaka likawaka moto. Aliporudi, jiwe alilitoa nje kwa kizoleo cha taka, na glasi zote, hata zile za nyuma ambazo hazikuguswa, akazizamisha kwenye ndoo ya dawa. Binti yake alimwomba radhi, Mchimbaji akaomba radhi, mjomba alikuwa anacheka mpaka machozi. Lakini chakula kilikuwa mezani, na mgeni hafukuzwi na njaa yake. Wakakaa kula.

Mtu mwenye akili angezungumzia hali ya hewa. Mjomba je?

"Huyo fisi wako, mkwe, alikuwa na ukubwa gani?"

"Kama simba, mjomba. Ndiye nimpendaye kuliko wote. Mfupa wa tembo alikuwa anauvunja kama sisi tunavyovunja wa kuku."

"Na leo angeweza kuishi?"

"Sidhani. Nadhani alitegemea sana mabaki ya paka wakubwa wenye meno kama majambia, na hao wamekwisha. Angekufa njaa."

"Thubutu! Angekuja nyuma ya bucha yangu, angenenepa!" Mjomba akajichotea nyama nyingine. "Mimi nilimwona kwenye picha tembo wa kale, pembe zimemwotea kidevuni zikaangalia chini. Yule leo angeishi siku moja tu, mpaka nipate msumeno."

"Mimi nampenda jongoo," akasema binti. "Zamani alikuwepo jongoo mrefu kuliko meza hii. Hewa ya leo labda isingemtosha, masikini. Hebu fikirini anavyopita hapa chini, miguu yote ile inavyotembea..."

Mama Sabuni akainua miguu yake kutoka sakafuni. Hamu ya kula ikamtoka.

"Na wewe, dada, unampenda yupi?" mjomba akachokoza.

"Nawapenda wote. Si wamekufa?"

Hapo Mchimbaji, kwa kutaka kumfurahisha, akafanya kosa ambalo ni watu wa kazi yake peke yao wanaoweza kulifanya. Akatoa mfukoni kipande cheusi, akaeleza kwamba mfupa wa kale na jiwe hufanana sana, lakini mfupa una vitundu vidogo visivyoonekana, kwa hiyo hunata ulimini, na jiwe halinati. Kisha, mbele ya bakuli la supu, akautoa ulimi nje, akalamba. Kipande kikaning'inia ulimini huku mwenyewe anatabasamu.

Lo! Mama Sabuni akasimama, kiti kikaanguka. Matapishi alikwisha kuyafua, usaha alikwisha kuufua, na hakuwahi kutapika kazini. Sasa alishika mdomo.

"Wewe! Kwa ulimi huo ndio unataka kumwoa mwanangu? Umelamba makaburi mangapi? Mtoto nimemlea kwa maji ya kuchemsha, aje aokote maradhi kinywani mwako? Chagua hapa hapa, mjomba wake akisikia. Ulimi wako au binti yangu!"

Mchimbaji alikitoa kipande, akakirudisha mfukoni. Uso ulikuwa umemshuka. "Binti yako, mama. Kuanzia leo silambi tena. Nimeapa."

"Ukilamba tena, posa hakuna."

"Hakuna, mama."

Mambo yangeishia hapo. Lakini mjomba huyo, jamani! Akafungua mfuko aliokuja nao, akatoa bonge la udongo mkavu lenye kitu kigumu kimechomoza. Alilipata nyuma ya bucha wakati wa kuchimba shimo la maji machafu, akalileta makusudi limwone mtaalamu. Mama Sabuni alikijua kile kiwanja: nzi, mbwa, damu iliyochacha.

"Haya, mkwe. Mfupa au jiwe? Isije ikawa nimekalia fisi wako bila kujua."

Mchimbaji akaligeuza. Akalikwaruza kwa ukucha, akalisogeza dirishani, akaligongagonga. Jasho likamtoka. Midomo alikuwa ameibana kama mtoto anayekataa dawa.

"Bila... siwezi kujua, mjomba."

Akaliweka mezani, akakalia mikono yake. Mama Sabuni alimtazama, akakiri moyoni kwamba kijana anashika neno lake. Akaanza hata kufikiria kumwongezea supu.

"Mnanichosha!" akasema binti.

Akalivuta bonge, akaondoa udongo kwa uma, uma wa mama yake, akapuliza vumbi, akafumba macho, akagusisha ncha ya ulimi. Kidogo tu, upande, bila mate mengi, kama mpishi aliyebobea anavyoonja chumvi.

"Mfupa," akasema. "Umenata."

Hakuna mtu anayejua kulamba namna ile siku ya kwanza.

Mchimbaji aliuchukua, akausafisha, akautazama ukingo uliokuwa umefichwa na udongo, akakohoa. "Ni mfupa kweli. Ila si wa kale. Huu ukingo umenyooka, mjomba. Umepitiwa na msumeno."

Mjomba akauangalia mara moja. "Aa, goti la ng'ombe! La juzi juzi tu hili."

Mama Sabuni aliketi taratibu. Maji ya kuchemsha ya miaka yote ile! Mswaki asubuhi, mswaki jioni, usiokote, usiguse, tema! Mtoto yule yule amelamba taka za bucha mbele ya wakubwa, na sasa anajifuta mdomo kwa mkono, anacheka.

"Unafanya hivi tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku ya lile taya, mama. Si yeye aliyenifundisha, nilijilambia mwenyewe."

Mjomba akafungua mdomo. Dada yake akamwonyesha uma, naye akaufunga mdomo.

"Kijana," Mama Sabuni akasema, "kiapo chako nimekufungulia. Chagueni siku, mchukue. Baada ya haya niliyoyaona, nani mwingine atambusu huyu?"

"Mimi, mama," Mchimbaji akajibu upesi.

"Kefule!" akasema mama mkwe.